Kichomi Nyuma ya Homa: Picha za Kifua Pwani, Kutoka 1918 Hadi Leo

Malori yanayopanga foleni kwenye mizani ya Mariakani yanafuata njia ya zamani. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita hapa kuelekea bara, na tangu hapo kila kilichoshuka bandarini, kiwe kitambaa au maradhi, kimepanda na njia hii. Septemba 1918 kilichoingia Pwani kilikuwa homa kali ya mafua, ile ambayo dunia iliibatiza jina la Uhispania bila Wahispania kuwa na kosa lolote. Vita dhidi ya Wajerumani vilikuwa bado havijaisha, na wapagazi wa jeshi la Uingereza, walioitwa Kariakoo, wale waliosalimika walikuwa wamedhoofu kwa njaa na kuhara.

Miaka michache iliyopita watafiti walifukua kumbukumbu za kikoloni za Mkoa wa Pwani za kuanzia 1912 hadi 1925. Wakakuta kwamba mwaka 1918 vifo viliongezeka mara sita, na waliokwenda kutafuta matibabu wakawa mara tatu ya kawaida. Walikadiria kuwa homa iliua watu 25 hivi kati ya kila 1,000. Katika kijiji cha watu 400, hayo ni makaburi kumi.

Ni nini hasa kilichowaua? Madaktari wengi wa wakati ule walimshuku bakteria aliyepewa jina la Pfeiffer. Virusi vya mafua ya binadamu vilikuja kupatikana London mwaka 1933. Na mwaka 2008 wanasayansi wa Marekani waliopima upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu 1918 walieleza kwamba wengi wa waliokufa walimalizwa na kichomi, yaani nimonia ya bakteria, iliyopenya baada ya virusi kuchubua njia ya hewa. Mafua yalivunja mlango, mwizi akaingia nyuma yake.

Eksirei zilikuwapo tayari mwaka 1918. Wilhelm Röntgen alizigundua Ujerumani Novemba 1895, na hazikukawia kufika kwenye mto Nile: mwaka 1898 daktari wa jeshi la Uingereza, John Battersby, alizitumia Sudan kusaka risasi miilini mwa majeruhi. Umeme wake ulitokana na baiskeli ya watu wawili, askari wakikanyaga pedali ili daktari aone mfupa. (Hospitali zetu zinazosubiri stima irudi zingemwelewa.) Lakini mfupa uliovunjika hutulia ukiambiwa utulie. Kifua hakitulii. Mapafu yanapanda na kushuka, moyo unadunda, na mitambo ya mwanzo ilihitaji muda mrefu kupiga picha moja, kwa hiyo kifua kilitoka na ukungu. Mgonjwa wa kijijini mwaka 1918 hakuwa na wa kumtazama mapafu. Alisikilizwa kikohozi, basi.

Picha ya kifua husomwa hivi. Hewa huiacha miale ipite, nayo huifanya filamu kuwa nyeusi; mfupa, maji na usaha huizuia, pakabaki peupe. Mapafu mazima ni meusi pande zote mbili, mbavu zikiyapitia kama mistari, kivuli cha moyo kimeegemea kushoto. Mwenye mafua matupu mara nyingi picha yake haina kitu, au ina mawingu hafifu huku na huku. Kichomi cha bakteria hakifichi uso: sehemu nzima ya pafu inageuka nyeupe pe. Ndiyo maana nasema eksirei haijawahi kupiga picha ya mafua. Inapiga picha ya madhara yake.

Udhaifu huo ndio uliogeuzwa kuwa kipimo, tena katika kaunti yetu ya Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa Kilifi mwaka 1989, pembeni ya hospitali ya wilaya. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kusoma picha za watoto, kwa sababu madaktari wawili wakipewa filamu moja walikuwa hawakosi kubishana. Chini ya utaratibu huo kila picha husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, inapelekwa kwa mwamuzi. Kinachotafutwa ni ule weupe mzito tu. Ukungu mdogo hauhesabiwi.

Mapema 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa nimokokasi, mmoja wa wezi wakubwa wa 1918. Kilifi ilikuwa tayari na picha za watoto waliolazwa kabla ya chanjo, ikaweza kulinganisha kabla na baada. Kichomi kilichothibitishwa kwa eksirei kilipungua kwa asilimia 48. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi ambayo picha ya kifua imewahi kufanya Pwani, na mama aliyekuwa amemshika mtoto mikono juu, akilia, mbele ya mtambo, huenda hakuambiwa kwamba alikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Waliosalia kulazwa wengi wao wana virusi. Utafiti wa nchi saba uliofanywa kati ya 2011 na 2014, Kilifi ikiwemo, uliwachukua watoto wenye nimonia kali na picha zenye kasoro. Virusi vilibeba zaidi ya asilimia 60 ya lawama, na kinara alikuwa kirusi kiitwacho RSV, kwa asilimia 31. Mafua yalikuwa nyuma sana. Kuvitenganisha virusi hivyo filamu haiwezi. Ni kazi ya kijiti cha pamba kinachoingizwa puani na kupelekwa maabara. Homa mpya ya mafua ya 2009 ilipoingia Kenya mwishoni mwa Juni, pamoja na wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza waliokwenda Kisumu, ni vipimo vya namna hiyo vilivyoitaja kwa jina.