Utambuzi wa magonjwa ya muhogo kwa mitandao ya neva bandia

Mtandao wa neva bandia ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano. Hauandikiwi dalili za kila ugonjwa. Huonyeshwa picha nyingi ambazo wataalamu wameshazitambua, na kila unapokosea hesabu zake hurekebishwa kidogo. Katika Afrika ya Mashariki mitandao hii hutumika kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani.

Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, ambavyo majirani hupeana. Shamba la Kidahwe, mkoani Kigoma, likiingiwa na virusi, mbegu yake yaweza kuvifikisha Kasulu au Uvinza kabla mwenyewe hajajua. Magonjwa makubwa ni batobato na michirizi ya kahawia, ambayo huenezwa pia na inzi weupe. Batobato huonekana wazi: jani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi hujificha. Majani yaweza kuonekana karibu mazima huku mizizi ikioza ardhini, na familia inayotegemea ugali wa muhogo ikagundua hasara siku ya kuvuna.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) walichapisha matokeo ya mtandao uliofundishwa kwa picha 2,756 kutoka mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Mtandao huo ulikuwa umeshajifunza kutofautisha vitu vya kawaida, kisha ukaongezewa somo la muhogo. Kila mwalimu anajua nafuu ya kumpokea mwanafunzi anayejua kusoma tayari. Ulipatia kwa asilimia 93. Baadaye ilitoka programu ya simu iitwayo Nuru, inayofanya kazi bila intaneti.

Mashambani kazi ni ngumu zaidi. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani 40 hadi 58, na wakulima 18 hadi 31. Yalipopimwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wa Nuru ulifika 74 hadi 88. Hivyo jani moja halitoshi. Tena kamera haioni mizizi: jibu la kwamba jani ni zima si uthibitisho wa mbegu safi, na virusi huhakikishwa maabara.

Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilishiriki kuandaa picha 21,367 kwa mashindano ya kimataifa ya mwaka 2020. Nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe, bustanini mwao.