Uvunaji wa maji ya mvua kwa mapipa mkoani Arusha

Uvunaji wa maji ya mvua kwa mapipa ni njia ya kukusanya maji kutoka kwenye paa la nyumba na kuyahifadhi katika mapipa yaliyokwisha kutumika, hasa yale ya plastiki yenye ujazo wa lita 200. Katika jiji la Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, nchini Tanzania, njia hii ina umuhimu wa pekee kwa sababu maji mengi ya ardhini ya eneo hilo yana floraidi nyingi, ilhali maji ya mvua karibu hayana kabisa.

Mazingira

Mlima Meru ni volkeno. Maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha floraidi na kuibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4. Maji ya Chai, katika wilaya ya Arumeru, ni kati ya maeneo yanayojulikana kwa tatizo hili.

Floraidi ikizidi huharibu meno ya watoto yanapokuwa yangali yakijiundia ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka 8 hivi. Meno hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia, na doa hilo haliondoki kwa kupiga mswaki. Anayekunywa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi anaweza kuharibika mifupa na viungo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kiasi cha maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Magadi yanayotumika kulainisha maharage nayo huongeza floraidi katika chakula.

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Miteremko ya kusini na mashariki ya mlima hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi na kaskazini, kama vile Oldonyo Sambu.

Uchaguzi wa mapipa

Jambo la kwanza ni kujua pipa lilibeba nini. Yanayofaa ni yale yaliyobeba vyakula, kama vile mafuta ya kula, juisi nzito au sharubati. Pipa lililobeba dawa za kilimo halifai hata likioshwa mara nyingi, kwa kuwa plastiki hufyonza kemikali na kuzitoa polepole. Tahadhari hii ni muhimu katika eneo lenye mashamba ya kahawa, maua na mboga. Pipa lisilo na lebo, lenye alama ya sumu au lenye harufu ya dawa huachwa. Mapipa ya chuma ya mafuta ya mitambo pia hayafai kwa maji ya kunywa.

Pipa lililokubalika huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, husuuzwa na kuanikwa.

Ufungaji

Maji hutoka kwenye bati, hupita katika gata na bomba hadi kwenye pipa. Maji ya mwanzo ya kila mvua humwagwa, kwani hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Pipa lililojaa huwa na uzito unaozidi kilo 200, hivyo huwekwa juu ya msingi imara wa matofali au zege. Mapipa kadhaa huunganishwa kwa mabomba karibu na chini ili yajae pamoja. Mdomo hufunikwa na kuwekwa wavu kuzuia mbu kutaga, na kivuli hupunguza ukuaji wa mwani. Maji ya kunywa huchemshwa au kutiwa klorini ili kuua vijidudu.

Kiasi cha maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 10 hupokea lita 400. Zikipotea asilimia 20, hubaki lita 320. Kaya ya watu 5 inayotumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia humaliza pipa moja kwa siku 8. Mapipa 4 hutosha siku 32, wakati kiangazi huendelea kwa takribani miezi mitano. Kama hakuna tanki kubwa, maji hayo hutengwa kwanza kwa ajili ya watoto wadogo, na maji ya kisima hutumika kufulia na kuosha.

Njia nyingine

Kituo cha utafiti kilichopo Ngurdoto kimeendeleza uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe.