Mwangaza wa picha za wanyama studioni

Mwangaza wa picha za wanyama studioni ni mpangilio wa taa za kupigia picha mbwa, paka na wanyama wengine wafugwao nyumbani. Taa kuu, aghalabu flashi inayopitishwa kwenye kitambaa cheupe au mwavuli, huwekwa ubavuni, juu kidogo ya kichwa. Mweko wake mfupi hunasa mnyama asiyetulia. Haikai karibu na lenzi, kwa kuwa utando ulio nyuma ya retina hurudisha mwanga na macho hung'aa kijani au manjano, au mekundu kwa paka wengi wa Siam. Manyoya meusi humeza mwanga, hivyo taa ya nyuma huchora kingo zake yasipotelee kwenye pazia. Mmarekani William Wegman alianza mwaka 1979 kuwapiga picha mbwa wake kwa kamera ya Polaroid ya inchi 20 kwa 24.