Utitiri wa vumbi katika midoli ya watoto

Utitiri wa vumbi ni viumbe wa jamii moja na kupe, wenye urefu wa takriban robo ya milimita. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayopukutika mwilini mwa binadamu. Kinachodhuru ni kinyesi chao, chenye protini zinazochochea mzio: chafya, macho kuwasha, ukurutu na, kwa baadhi ya watoto, pumu. Uhusiano huo ulibainishwa katika miaka ya 1960 mjini Leiden, Uholanzi, na watafiti walioongozwa na Reindert Voorhorst.

Utitiri haunywi maji, bali hufyonza unyevu wa hewa. Ndiyo maana katika mtaa wa Mushasha, mjini Gitega, msimu wa mvua huufaa kuliko kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mdoli wa manyoya, aghalabu wa mitumba, ni makazi yake mazuri, na mtoto huukumbatia karibu kabisa na pua usiku kucha. Ubaridi wa milimani si kinga: katika nyanda za juu za Papua New Guinea, watafiti wa miaka ya 1980 walihusisha ongezeko la pumu na utitiri uliojaa katika mablanketi yaliyoingia vijijini.

Maji baridi huondoa vizio vingi, lakini utitiri mwingi hubaki hai. Hufa katika maji ya nyuzi 60. Gitega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi. Vipimo viwili vya maji yanayochemka na kimoja cha maji baridi hutosha, hata beseni likipunguza joto kidogo. Watoto wakae mbali na beseni hilo. Mdoli uanikwe hadi ukauke ndani, la sivyo huota ukungu, nao pia huleta mzio. Mdoli usiostahimili maji moto hufungwa mfukoni na kugandishwa kwenye friza kwa siku moja au zaidi, kisha hufuliwa, maana utitiri uliokufa huacha kinyesi chake.

Usafi huo si badala ya dawa. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kupambana na utitiri pekee hakutulizi pumu. Mtoto anayekohoa usiku, kifua kikitoa mlio kama wa filimbi, apelekwe kituo cha afya. Akishindwa kuzungumza au kunyonya, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, apelekwe hospitalini papo hapo.