Nyayo za Akina Huitfeldt: Kutoka Steinvikholm hadi Bahari ya Shamu

Mwaka 1925 alizaliwa nchini Norway mtoto wa kiume aliyeitwa Tønne Huitfeldt. Alipokua aliingia jeshini, akapanda hadi cheo cha luteni jenerali, na katika miaka ya 1980 akawa mkuu wa watumishi wa kijeshi wa kimataifa katika makao makuu ya NATO, Brussels. Miaka 300 kabla yake, mwaka 1625, alizaliwa Tønne Huitfeldt mwingine, ambaye naye alikuwa mwanajeshi na naye aliachiwa mpaka aulinde. Hao wawili ni somo, kwa kuwa katika koo za makabaila wa Skandinavia, kama ilivyo kwa jamii nyingi za kwetu, majina ya mababu hurudishwa kwa wajukuu ili yasipotee. Kati ya somo wa kwanza na somo wa pili kuna karne tatu za maofisa, mahakimu, watunza nyaraka, na hata bingwa mmoja wa mchezo wa theluji. Lakini anayetaka kuufuata ukoo huu hana budi kurudi nyuma zaidi, hadi siku ulipotia mguu Norway kwa mara ya kwanza. Siku hiyo haukuja kuilinda nchi hiyo.

Huitfeldt ni ukoo wa kikabaila wa Denmark, mizizi yake iko katika zama za kati. Mwaka 1536 Mfalme Christian III wa Denmark, aliyekuwa ameshinda vita vya kugombea kiti, alitangaza kwamba Norway haitakuwa tena ufalme unaojitegemea, bali sehemu ya Denmark. Mtu wa mwisho mwenye nguvu aliyesimama dhidi yake alikuwa Olav Engelbrektsson, Askofu Mkuu wa Trondheim, aliyejenga ngome yake mwenyewe juu ya kisiwa kidogo kiitwacho Steinvikholm. Aprili 1537 askofu huyo aliona mambo yamemwelemea, akapanda meli na kukimbilia Uholanzi, asirudi tena. Majira hayohayo ya kuchipua kundi la meli za Denmark lilifika kumaliza kazi, na mmoja wa makamanda wake alikuwa Christoffer Huitfeldt. Ngome ikasalimu amri. Ukatoliki ukang'olewa Norway, na uhuru wa nchi ukafuata njia hiyohiyo.

Kwa hiyo jina hili liliingia Norway likiwa jina la mshindi. Christoffer baadaye alikabidhiwa ngome ya Bergenhus huko Bergen, na humo ndimo alimozaliwa mwanawe Arild mwaka 1546. Arild Huitfeldt hakuwa mtu wa upanga. Alipanda hadi kuwa kansela wa ufalme wa Denmark, na akaandika tarehe kubwa ya wafalme wa nchi hiyo, akiweka ndani yake hati nyingi ambazo bila yeye zingekuwa zimeliwa na moto au panya. Mtu mwingine wa ukoo huo, Paul Huitfeldt, alikuwa wa kwanza kushika wadhifa wa mwakilishi mkuu wa mfalme katika Norway, mwaka 1572. Ukiwatazama watu hawa wa karne ya 16 unaona jambo moja tu: Norway kwao ilikuwa kituo cha kazi. Mfalme alituma, wao wakaenda.

Yaliyobadilisha hali hiyo yalitokea Halden.

Halden uko kusini-mashariki kabisa mwa Norway, mahali Mto Tista unapoingia katika mkono mwembamba wa bahari uitwao Iddefjord. Katikati ya karne ya 17 ulikuwa mji mdogo wa mbao na vinu vya kupasulia magogo, na haukuwa mpakani. Kisha mwaka 1658 Denmark ikapigwa vibaya na Uswidi. Kwa mkataba wa Roskilde ikalazimika kutoa Skåne, Halland, Blekinge, mkoa wa Norway uitwao Bohuslän, na hata Trondheim. Bohuslän ulipoondoka, ngome kubwa ya Bohus iliyokuwa ikilinda kusini mwa Norway iliondoka nao. Wakazi wa Halden waliamka wakajikuta wanaishi mlangoni mwa adui, na mlango wenyewe hauna komeo.

Hapo ndipo Tønne Huitfeldt wa kwanza anapoingia. Hakukuwa na ngome ya kukabidhiwa. Kulikuwa na vilima, magogo, mawe na udongo. Pamoja na Kapteni Peder Normand na wenyeji wa mji, askari wake walijenga vizuizi juu ya vilima hivyo na kusubiri. Waswidi walikuja Septemba 1658, wakarudishwa. Wakaja tena Februari 1659, wakarudishwa. Januari 1660, katikati ya baridi kali, walikuja mara ya tatu na kuuzingira mji, wakitaka safari hii kuumaliza. Mji ulipigwa mizinga, watu walikufa, lakini Tønne hakufungua. Mwezi uliofuata mfalme wa Uswidi, Karl X Gustav, alifariki ghafla huko Gothenburg, na mzingiro ukavunjika.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu ndicho kitovu cha ukoo mzima. Amani ilipofika, Trondheim ulirudi Norway lakini Bohuslän haukurudi, na Halden ukabaki mji wa mpakani kwa kudumu. Mwaka 1661 ujenzi wa ngome ya kweli, Fredriksten, ulianza juu ya vilima vilevile. Mwaka 1665 Mfalme Frederik III aliupa mji hadhi kamili na jina lake, Fredrikshald. Jina hilo lilidumu hadi 1928, Halden uliporudishiwa jina lake la asili, na mtafiti asiyelijua hilo atatafuta mji mmoja akidhani ni miwili, kama vile Oslo katika vitabu vya kale ni Christiania. Fredriksten haijawahi kutekwa kwa nguvu. Mfalme Karl XII wa Uswidi aliuawa kwa risasi katika handaki mbele yake mwaka 1718. Hati za Uswidi zinasema ilikuwa tarehe 30 Novemba, na za Norway zinasema 11 Desemba. Zote ni sahihi, kwani nchi hizo mbili zilikuwa zikitumia kalenda tofauti. Afuataye nasaba za kijeshi za Kaskazini asiposhika jambo hilo atamzika mtu kabla hajafa.

Mwaka uleule wa 1665 Tønne alipata mtoto, Ivar. Kama mama na mkunga walisikia mizinga ya sherehe ya mji siku za karibu na hizo siwezi kusema, lakini mtoto huyu aliishi na kufa kwa mizinga. Aliingia jeshi la majini la ufalme wa pamoja wa Denmark na Norway, akapanda ngazi hadi kuwa nahodha wa Dannebroge, mojawapo ya manowari kubwa za mfalme.

Tarehe 4 Oktoba 1710 manowari za Denmark na Norway zilikutana na za Uswidi katika Ghuba ya Køge, kusini mwa Copenhagen. Upepo ulikuwa mkali. Dannebroge ilikuwa miongoni mwa meli za kwanza kuingia vitani, na mapema kabisa ikashika moto. Nahodha angeweza kukata kamba na kuiacha meli ipelekwe na upepo kuelekea nchi kavu, labda mabaharia wake wapate kuokoka. Lakini upande upepo ulikokuwa ukivuma zilikuwapo meli nyingine za mfalme, na meli inayoungua, yenye ghala la baruti tumboni, ingezichoma zote. Ivar Huitfeldt alibaki na nanga yake chini. Mizinga yake iliendelea kufyatua huku matanga yakiungua, hadi moto ulipofikia baruti na meli ikapasuka. Watu zaidi ya 500 waliangamia pamoja naye. Walionusurika walikuwa wachache mno.

Denmark ilimjengea mnara. Uko Langelinie, Copenhagen, tangu 1886, na mizinga iliyotolewa katika mabaki ya meli chini ya bahari ilitumika katika kazi hiyo. Norway nayo inamhesabu kuwa wake: amezaliwa Halden, na nyumba ya ukoo ilikuwa Tronstad, shamba kubwa katika rasi ya Hurum kati ya Oslofjord na Drammensfjord. Ugomvi huo wa kumgombea marehemu nauona hauna msingi, maana hadi 1814 mfalme alikuwa mmoja na bendera ilikuwa moja. Linaloniumiza ni jingine. Sisi sote tunalijua jina la nahodha. Wale mamia waliokuwa chini ya sitaha, ambao hakuna aliyewauliza kama nanga ibaki au ing'olewe, hawamo katika simulizi.

Na hapa ndipo anayefuata nasaba za kijeshi anapokutana na dhuluma ya nyaraka. Afisa aliandikwa kila mahali. Hati za uteuzi zipo, vitabu vya makabaila vinavyochapishwa Denmark tangu 1884 vipo, na kwa Norway ipo kazi ya Olai Ovenstad iliyotoka mwaka 1948 na 1949, yenye maisha ya maofisa wa jeshi la nchi kavu kuanzia 1628 hadi 1814. Jina la ukoo halibadiliki: Huitfeldt wa 1537 ni Huitfeldt wa leo. Askari wa kawaida alikuwa tofauti. Kwa amri ya mwaka 1628, iliyozaa jeshi la taifa la Norway, mashamba 4 kamili yalibebeshwa jukumu la kutoa askari mmoja na kumpa vifaa. Askari huyo kama ni Hans mwana wa Ole aliandikwa Hans Olsen, mwanawe akawa Ole Hansen, na akihama shamba alibadilisha na jina la shamba. Sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo la kudumu ilipitishwa mwaka 1923. Kumfuata Hans Olsen mmoja katika karne ya 17 kunahitaji subira ya kulinganisha orodha za jeshi, vitabu vya kodi, na vitabu vya kanisa, ambavyo cha kale zaidi kilichosalia Norway kimeanza 1623, katika parokia ya Andebu. Sensa ya 1801 ndiyo ya kwanza kuwataja watu wote wa nchi kwa majina, wanaume kwa wanawake, matajiri kwa mafukara. Siku hizi nyingi kati ya kumbukumbu hizo zinasomwa bure kwa intaneti katika Digitalarkivet, na ni jambo la kusifiwa kwamba serikali ya Norway haikuziuza.

Mwaka 1814 Norway iliachana na Denmark na kupata katiba yake, iliyokataza kuundwa kwa makabaila wapya. Bunge likataka kwenda mbali zaidi. Lilipitisha sheria ya kufuta ukabaila mwaka 1815, mfalme akaikataa. Likaipitisha 1818, akaikataa. Likaipitisha 1821, na kwa mujibu wa katiba mara ya tatu mfalme hakuwa na la kufanya. Akina Huitfeldt wakabaki na jina, bila upendeleo wowote nyuma yake.

Walichofanya nalo kinavutia. Henrik Jørgen Huitfeldt-Kaas, aliyezaliwa 1834, alikuwa mtu wa nyaraka, akachapisha hati na mihuri ya zama za kati za Norway, na alipofariki mwaka 1905 alikuwa mkuu wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ukoo ulioingia kumfukuza askofu mkuu ukawa unakusanya na kutunza barua za nchi aliyoitawala askofu huyo. Fritz Huitfeldt, aliyezaliwa 1851, alihangaika na namna ya kufunga kiatu kwenye mbao za kutelezea juu ya theluji. Kifungio alichobuni mwaka 1894, cha chuma kinachopita katika mbao na kushika ncha ya kiatu pande zote mbili, kilimwezesha mtelezaji kuongoza mbao zake bila kuyumba. Kilienea dunia nzima, na msafara wa Roald Amundsen uliofika Ncha ya Kusini mwaka 1911 ulikitumia pia. Halafu akaja luteni jenerali wa 1925 tuliyeanza naye. Hata katika siasa jina halikutoka mbali na ulinzi: Anniken Huitfeldt, aliyesomea historia, aliongoza kamati ya Bunge ya mambo ya nje na ulinzi kabla ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2021 hadi 2023.

Jina hilo limefika hata katika maji yanayopakana nasi. Manowari ya kisasa ya Denmark iitwayo Iver Huitfeldt, jina la nahodha yule wa Køge kwa tahajia ya Kidenmark, ilipelekwa Bahari ya Shamu mapema mwaka 2024 kulinda meli za biashara. Mwezi Machi ilitungua ndege zisizo na rubani, lakini mitambo yake ya silaha na rada ikasumbua katikati ya shambulio. Habari hizo zilipofichuka, mkuu wa majeshi ya Denmark, Flemming Lentfer, alipoteza kazi.

Watu bado huuliza kama ukoo huu ni wa Denmark au wa Norway. Damu haitoi jibu, na wala cheti cha kuzaliwa hakitoshi: Arild alizaliwa Bergen, akafa Mdenmark mtupu. Mimi naupima kwa kazi. Kwa miaka 120 akina Huitfeldt walikuja Norway kwa niaba ya mtu mwingine. Majira ya baridi ya 1660, juu ya vilima vya Halden, mmoja wao alikaa pamoja na wapasua magogo na kugoma kuondoka. Tangu hapo nawahesabu kuwa Wanorway.