Coleridge-Taylor: Gwiji wa muziki aliyechuma wengine wakala

WAHENGA walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi wa muziki wa okestra na kwaya aliyevuma nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, alichuma juani hadi siku zake za mwisho, lakini waliokula kivulini ni wengine.

Alizaliwa mtaani Holborn, jijini London, mnamo Agosti 15, 1875. Babake, Daniel Peter Hughes Taylor, alitoka Sierra Leone kwenda Uingereza kusomea udaktari. Mamake, Alice Martin, alikuwa Mwingereza. Wawili hao hawakuwa wameoana, na Daniel alirejea Afrika Magharibi bila kumlea mwanawe. Mtoto alikulia kwa jamaa za mamake mjini Croydon, kusini mwa London. Jina lake lilitokana na la mshairi Samuel Taylor Coleridge.

Familia hiyo haikuwa na mali ila ilipenda muziki. Babu yake alimfunza fidla, na uimbaji kanisani ukamkutanisha na Kanali Herbert Walters, mfadhili aliyemsaidia kujiunga na chuo cha Royal College of Music mnamo 1890, akiwa na umri wa miaka 15. Huko aliingilia utunzi chini ya mwalimu mashuhuri, Charles Villiers Stanford. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alipomtusi kwa sababu ya rangi yake, Stanford alimliwaza kwa kumwambia kuwa kidole chake kidogo kilikuwa na muziki mwingi kuliko mwili mzima wa aliyemtusi.

Nyota yang'aa

Mwaka wa 1898 ndio uliomtoa gizani. Mtunzi Edward Elgar, ambaye hakuwa na nafasi ya kuandalia tamasha la Gloucester kazi mpya, alipendekeza kijana huyo apewe fursa hiyo. Utunzi wake wa okestra, Ballade in A minor, ulipokelewa kwa shangwe mnamo Septemba.

Miezi miwili baadaye, Novemba 11, Stanford aliongoza onyesho la kwanza la Hiawatha's Wedding Feast, utunzi wa kwaya na okestra uliotokana na shairi la Mmarekani Henry Wadsworth Longfellow. Kazi hiyo ilienea kama moto wa nyikani. Kwaya za Uingereza na Marekani ziliiimba mwaka baada ya mwaka, na mamia ya maelfu ya nakala zikauzwa.

Hata hivyo, Coleridge-Taylor alikuwa amewauzia wachapishaji wa Novello haki zote za kazi hiyo kwa pauni 15 na shilingi 15 pekee. Kila nakala iliponunuliwa, yeye hakupata hata senti. Alilazimika kujikimu kwa kufundisha, kuongoza kwaya, kuamua mashindano ya muziki na kutunga bila kupumzika. Mnamo Desemba 1899 alimwoa Jessie Walmisley, ambaye wazazi wake waliipinga ndoa hiyo kwa sababu ya rangi ya mchumba. Walijaliwa watoto wawili.

Asili yake

Licha ya kulelewa na Waingereza, hakuipa kisogo asili yake. Alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kongamano la Pan-Afrika lililofanyika London mwaka wa 1900, lililotangulia mikutano ambayo baadaye, mnamo 1945, ilimkutanisha Jomo Kenyatta na wapigania uhuru wengine jijini Manchester.

Huko Marekani, watu weusi wa Washington walianzisha chama cha waimbaji kilichobeba jina lake mnamo 1901. Alipozuru nchi hiyo mwaka wa 1904, Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu. Alirejea huko mnamo 1906 na 1910. Mwaka wa 1905 alichapisha nyimbo 24 za watu weusi alizozitungia piano, baadhi zikiwa na asili ya Afrika, na Booker T. Washington akaandika dibaji yake.

Kifo na funzo

Mwishoni mwa Agosti 1912 alizirai katika kituo cha reli cha West Croydon. Aliaga dunia kwa nimonia mnamo Septemba 1, akiwa na umri wa miaka 37. Wengi walidai kuwa kazi nyingi zilikuwa zimeudhoofisha mwili wake. Mfalme George V alimpa mjane wake pensheni ya pauni 100 kwa mwaka.

Kisa chake kiliwakera wanamuziki wenzake, na kikawa mojawapo ya hoja zilizochochea harakati za kulinda jasho la watunzi. Mnamo 1914 kiliundwa chama cha Performing Right Society, ambacho hukusanya mirabaha kwa niaba yao.

Kati ya 1924 na 1939, Hiawatha ilijaza ukumbi wa Royal Albert Hall karibu kila mwaka, ikiigizwa na mamia ya waimbaji. Baada ya vita ilififia. Katika miaka ya hivi karibuni imeanza kusikika tena pamoja na kazi zake nyingine. Mnamo 2022, Chineke!, okestra ya London iliyoanzishwa mwaka wa 2015 kuwainua wanamuziki weusi na wa jamii nyingine za wachache, ilitoa albamu ya kazi zake.