Kitovu cha Gurudumu na Ugomvi wa Gia

Kila mwanafunzi aliyepata kupanda mlima kwa baisikeli isiyo na gia anapajua mahali miguu inapokataa. Hapo hushuka, akaisukuma. Jambo hilo liliwagawanya waendesha baisikeli wa Ufaransa kwa miaka thelathini na zaidi, na kiini cha ugomvi wao kilikuwa kipande cha chuma kilicho katikati ya gurudumu la nyuma, yaani kitovu chake.

Tuitazame kwanza baisikeli ya mashindano ya uwanjani. Hiyo haina friwili. Kigurudumu cha meno hukazwa kwenye hesi ya kitovu, na nje yake hukazwa pete yenye hesi ya kinyume, ili mwendeshaji akizuia mwendo kwa miguu, meno yasilegee. Maadamu gurudumu lazunguka, pedali nazo huzunguka, hapana kupumzika. Uwanjani mtambo huo wafaa sana. Milimani ni adhabu.

Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903 chini ya Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto. Mwaka 1910 yalipitishwa katika milima mirefu ya Pyrenees, hata juu ya Tourmalet, mita 2,115 kutoka usawa wa bahari. Walakini Desgrange hakutaka gia. Mwaka 1902 alikuwa amekwisha kuandika kwamba gia zawafaa watu waliopita umri wa miaka 45. Kijana na ashinde kwa misuli yake.

Washindani wakatafuta hila ndani ya sheria. Kitovu kilitiwa hesi pande zote mbili: upande mmoja meno machache ya tambarare, upande wa pili meno mengi ya mlimani. Mtu alipofika chini ya mlima alishuka, akafungua nati, akaligeuza gurudumu, akapanda tena. Hizo ndizo zilizokuwa gia zake! Na ikiwa vidole vimekufa ganzi kwa baridi, dakika alizozipata kwa taabu zilipotea hapo hapo.

Wakati huo, mjini Saint-Étienne, Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio katika maandishi yake, alikuwa akihubiri gia na kuzijaribu yeye mwenyewe milimani. Mimi namwona kuwa ndiye aliyekuwa na haki. Mwanadamu hapungukiwi na heshima kwa kutumia chombo kilicho bora.

Kitovu chenyewe hakikuwa na uadui na gia. Hesi ile ile ishikayo kigurudumu kimoja yaweza kushika friwili yenye meno ya ukubwa mbalimbali, kwa kuwa nguvu ya pedali huikaza. Ila friwili hiyo ni pana. Yabidi fundi atie ekseli ndefu zaidi, aongeze vishikizo upande wa mnyororo, kisha akaze spoku za upande huo na kulegeza za upande wa pili, hata rimu irudi katikati ya fremu. Na breki ziwepo, kwa maana miguu haiwezi tena kulizuia gurudumu.

Huko Italia, Tullio Campagnolo alibuni wenzo wa kulifungua gurudumu mara moja. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, katika theluji, alishindwa kufungua nati zake. Baadhi ya wanahistoria wanakitilia shaka kisa hicho. Wenzo hauna shaka: upo hata leo.

Desgrange aliacha uongozi wa mashindano mwaka 1936 kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata gia za kuhamisha mnyororo ziliruhusiwa, na Roger Lapébie akashinda akizitumia. Mwaka 1948 Gino Bartali alishinda kwa gia za Campagnolo. Ili kuzibadili, alinyosha mkono nyuma, akalegeza kitovu kwa wenzo huku baisikeli ikienda, akazungusha pedali kinyume, akauhamisha mnyororo kwa wenzo wa pili, kisha akakaza tena. Ilikuwa kazi ya hatari, lakini hakushuka.